Karani Alipokatazwa Kuangalia

Asubuhi katika bweni la wasichana ilikuwa na utaratibu wake. Kwanza kengele, halafu foleni ya maji, halafu kufagia uwanja, halafu chai na kipande cha muhogo, halafu kumtafutia mtu kiatu kilichofichwa. Hatua hii ya mwisho haikuwamo katika kanuni zilizobandikwa ukutani, lakini tangu Sumaia afike kutoka Olumbi ilikuwa ikifuatwa kwa uaminifu kuliko nyingine zote.

Sumaia alikuwa na miaka kumi na mitatu na alisoma darasa la nane katika shule moja ya sekondari mjini Palma. Katika hesabu alikuwa wa kawaida. Katika mizaha alikuwa profesa. Yeye ndiye aliyesogeza mbele mishale ya saa ya ukutani mpaka wavulana wakapanga foleni ya chai kabla jua halijachomoza. Yeye ndiye aliyemlaza kaa mzima katika droo ya chaki. Kwa kazi hizo mbili za kitaaluma alitunukiwa maonyo mawili, yote yamepigwa mhuri. Mkurugenzi wa shule alimweleza kwa upole mkubwa kwamba onyo la tatu halingehitaji mhuri, kwa sababu lingekuwa safari ya kurudi Olumbi na sanduku lake kichwani. Mama yake, aliyelima peke yake ili binti asome, asingeuliza maswali mengi. Angemkabidhi jembe.

Siku za Jumanne na Alhamisi, baada ya masomo, darasa la nane liliruhusiwa kuingia ofisi ya maktaba ambamo kompyuta pekee ya shule ilikaa juu ya meza kama mgeni wa heshima. Mlinzi wake alikuwa Dona Ermelinda, mama wa Kimakonde kutoka Mueda, ambaye alikuwa katibu wa shule na mkutubi pia. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na programu moja ndogo. Ukibonyeza vitufe viwili kwa pamoja, kisanduku chembamba kilijitokeza katikati ya kioo. Ukiandika humo herufi chache za jina la kitu, iwe barua, picha au sauti, kilikuletea papo hapo. Wanafunzi walikiita Karani. Ukimtaka mtihani wa mwaka jana, analeta. Ukimtaka picha ya mashindano ya mpira, analeta. Kwa hiyo hakuna aliyejua vitu vyenyewe vililazwa wapi, hata Dona Ermelinda. Kujua kulikuwa kazi ya Karani.

Sumaia peke yake, kwa ile tabia yake ya kubonyeza kila kinachobonyezeka, aligundua siri ya Karani. Pembeni mwa kisanduku palikuwa na alama ndogo ya gurudumu. Ukiibonyeza unafunguka ukurasa wenye orodha ya folda, na hizo ndizo Karani alizoruhusiwa kuangalia. Palikuwa na alama ya kujumlisha ya kumwongezea folda na alama ya kutoa ya kumpunguzia. Mbele ya kila folda palikuwa na namba inayomwambia aingie ndani ngazi ngapi. Kumbe Karani hakujua kila kitu. Alijua kule alikotumwa tu.

Mwaka ule gesi ilikuwa imegunduliwa chini ya bahari, na Palma nzima haikuwa na habari nyingine. Magari mageni yalipita, watu wenye kofia ngumu walipima ardhi, na ilisemwa kwamba vijiji vingine vingehamishwa. Dona Ermelinda aliwatuma wanafunzi, wakati wa likizo, wawarekodi wazee wao wakieleza habari za makwao kabla hakujabadilika. Wengi walileta dakika tano. Rafique, mvulana aliyekaa dawati la mbele ya Sumaia, alileta karibu saa nzima ya sauti ya bibi yake mzaa mama, Bibi Awa, wa kijiji cha upande wa pili wa ghuba. Alijivuna nayo kupita kiasi. Kila Jumanne alimwita Karani, akaandika "bibi", akawalazimisha wenzake kusikiliza dakika ya kwanza, tena amekunja mikono kama mbunge.

Sumaia aliona kiburi hicho kinahitaji matibabu. Alhamisi moja, Dona Ermelinda alipotoka kupokea chaki, alifungua ukurasa wa gurudumu, akaichagua folda ya Rafique, akabonyeza alama ya kutoa. Folda haikufutika, ilibaki mahali pake, salama kabisa. Karani tu ndiye aliyekatazwa kuiangalia. Mpango wake ulikuwa mwepesi. Jumanne Rafique angeandika "bibi" mbele ya darasa zima, Karani angekosa, Rafique angetoa macho, watu wangecheka, naye Sumaia angeirudisha folda kwa kugusa kidole kimoja. Ulikuwa mzaha wa dakika tano.

Jumanne hiyo, kabla ya mapumziko, mjomba wake Rafique, Ussumane, alisimama mlangoni mwa darasa ameshika kofia yake mkononi. Bibi Awa alikuwa amefariki alfajiri.

Darasa lilimsindikiza Rafique mpaka langoni. Wasichana walilia, na Sumaia alilia kuliko wengi, kwa sababu wiki nzima alikuwa akimwigiza yule bibi kwa sauti na kuwachekesha wenzake. Mzaha wake wa folda ulimtoka akilini kabisa. Ulibaki umetegwa kama mtego wa panya ambao mtegaji wake amehama nyumba.

Rafique alirudi Alhamisi ya wiki ya pili, akiwa na mjomba wake. Darasa la nane lilikuwa maktaba. Sumaia alikuwa nyuma, anapanga vitabu vya jiografia juu chini kwa makusudi, na akasikia yote mzee yule aliyomweleza Dona Ermelinda.

Jumamosi hiyo, alisema, kijijini kwao wangefika waandikishaji wa mradi wa gesi. Walikuwa wameshaandika nyumba na minazi. Sasa zamu ilikuwa ya makaburi. Kila kaburi lingeandikwa jina lake, ili kijiji kikihamishwa kila marehemu ahame na jina lake. Lakini kwao makaburi hayaandikwi. Kichwani huwekwa jiwe la matumbawe, basi. Majina hutunzwa na mwanamke mkubwa wa ukoo, na kila mwaka katika mwezi wa mlisho, kabla ya Ramadhani, hupita katikati ya makaburi akigusa jiwe moja moja na kusema ni la nani, watoto wakimfuata nyuma. Bibi Awa ndiye aliyekuwa mtunzaji. Binti aliyekuwa akimfundisha kazi hiyo, mama yake Rafique, alimtangulia kufa. Ussumane mwenyewe alijua makaburi saba. Mengine aliyajua kama mawe tu.

"Ambaye hatutamtaja," alisema, "ataandikwa hajulikani." Alilisema neno hilo polepole, kama mtu anayelazimishwa kurudia tusi.

Rafique ndiye aliyemfuata Bibi mara ya mwisho, akimrekodi kwa simu ya mjomba. Kumbukumbu ya simu ilikuwa ndogo, kwa hiyo alipoihamishia sauti kwenye kompyuta ya shule, ambayo yenyewe ilichagua pa kuiweka, aliifuta kwenye simu. Haikuwapo mahali pengine duniani.

Dona Ermelinda alimpa pole, akamvutia kiti, akamwita Karani. Aliandika "bibi". Karani hakuleta kitu. Akaandika "Awa". Hakuna. Akaandika "Rafique", herufi kwa herufi, kwa kidole kimoja. Hakuna.

Ndipo Sumaia alipokumbuka. Ilikuwa kama kukanyaga kina ghafla baada ya maji ya magotini. Kitabu cha jiografia kilimdondoka. Alifungua kinywa, na hapohapo akaona maonyo yake mawili na mihuri yake, akaona jembe la mama yake, na kinywa kikajifunga chenyewe.

Dona Ermelinda alijishika kiuno na kutangaza kwamba kompyuta imeingiwa na virusi. Bahati nzuri Dário, fundi wa kompyuta kutoka Mocímboa da Praia, alikuwa mjini wiki hiyo. Angekuja kesho asubuhi. Mpaka hapo asingeigusa mtu. Aliwatoa wanafunzi wote, akafunga mlango na kuutia ufunguo kifuani.

Sumaia alijipa moyo kwamba fundi ni fundi: angefungua folda kwa mkono, aione, na mambo yaishe bila jina lake kutajwa. Wakati wa chakula cha jioni alikwenda kukaa karibu na Rafique, maana kukaa mbali naye kulikuwa kugumu zaidi. Rafique alikuwa akisukuma ugali kwenye sahani bila kuula.

"Siku ile alitaka kunihadithia habari za mama yangu," alisema. "Nikamkatiza. Nikamwambia, Bibi tuendelee, simu itaisha chaji."

Sumaia alijua kwamba huo ndio wakati wa kusema. Alivuta pumzi. Halafu akaomba apitishiwe chumvi.

Ijumaa, Dário alifika na mkoba wake. Alikuwa kijana mchangamfu, mwepesi wa mikono, ambaye kwake kompyuta zote zilikuwa na ugonjwa mmoja na dawa moja: kuformatar, yaani kufuta kila kilichomo ili mashine ianze maisha upya. Kompyuta ikichelewa kuwaka, aliifuta. Ikigoma kuchapisha, aliifuta. Hii nayo aliitazama kwa nusu dakika, akamwambia Dona Ermelinda amwonyeshe kwanza vitu vya kuokoa avihamishe kwenye flashi, kisha dawa itolewe.

Yalikuwa mapumziko. Sumaia alisimama nje ya dirisha la maktaba, na karibu yake, kwenye benchi, Rafique na mjomba wake walikaa wakisubiri. Aliona Dona Ermelinda akiviita vitu kimoja kimoja kwa njia pekee aliyoijua, yaani kwa kumtuma Karani. Alama za mitihani zililetwa. Barua za wizara zililetwa. Picha za mahafali zililetwa. Kila kilicholetwa kilihamishiwa kwenye flashi. Akaandika tena "bibi", kwa matumaini tu, na Karani hakuleta kitu.

"Basi, mama," Dário alisema, akitoa diski mkobani. "Vilivyopo tumevichukua. Visivyopo havipo."

Sumaia alielewa sasa kwamba fundi asingefungua kitu chochote kwa mkono. Angefuta. Sauti ya Bibi Awa, iliyokuwa imelala mle ndani salama salimini, ingefutwa kwa sababu mtu mmoja alitaka kucheka dakika tano, na halafu akaomba chumvi.

Hakukumbuka baadaye kama alipita mlangoni au dirishani. Alijikuta amesimama mbele ya meza.

"Fundi, usifute," alisema. "Si virusi. Ni mimi."

Dona Ermelinda aligeuka. Ussumane na Rafique walikuwa wameshafika mlangoni. Sumaia alitamani kuzungumza na meza, lakini alijilazimisha kumtazama Rafique, akaeleza yote: gurudumu, alama ya kutoa, ile Alhamisi, mzaha uliosahauliwa. Akaeleza na kwamba jana alikumbuka, akanyamaza. Hilo la mwisho lilimtoka kwa shida kuliko yote.

Dona Ermelinda alisogeza kiti tu. "Irudishe," alisema.

Sumaia alifungua ukurasa, akabonyeza alama ya kujumlisha, akaichagua folda ya Rafique. Alimwita Karani na kuandika "bibi". Karani hakuleta kitu.

Akaandika tena. Hakuna. Dário alitazama saa yake na kusema kwamba anasubiriwa pengine, na mtoto huyu labda anaota. Rafique aligeuza uso ukutani. Sumaia aliisoma orodha tena, mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta sindano katika mchanga, na kwenye mstari wa mwisho akaiona ile namba. Folda iliporudishwa, namba yake ilianza na sifuri. Karani alikuwa ameruhusiwa kusimama mlangoni tu, asiingie vyumbani, na kompyuta ilikuwa imeiweka sauti ya Rafique katika folda nyingine iliyo ndani ya ile. Sumaia aliandika tatu mahali pa sifuri, akabonyeza kitufe cha kumwamuru Karani azipitie folda zote upya, na wote wakasubiri huku mstari mdogo ukijaa kutoka kushoto kwenda kulia, bila haraka yoyote.

"Bibi." Na Karani, bila kinyongo na mtu, akaleta: *Bibi Awa, makaburi*.

Kwanza zilisikika nyayo juu ya majani makavu. Halafu kikohozi. Halafu sauti yenyewe, nyembamba na yenye amri. Huyu ni Abibo, ilisema, babu wa babu yako. Alizaliwa ufukweni na aliogopa maji mpaka alipokufa. Huyu ni mkewe, Muanassa, usikanyage hapo. Huyu ni Jamaldine mdogo, aliishi siku tisa, lakini jina alipewa, kwa hiyo mtaje.

Ussumane alikaa chini. Dona Ermelinda alimpa Rafique kalamu na karatasi aandike, naye akaandika majina mawili. Kisha katikati ya makaburi sauti ile ikakatiza orodha.

"Wewe umekula?"

"Nimekula, Bibi," alijibu Rafique wa kwenye kompyuta.

"Mwongo. Tumbo lako linasikika kama redio."

Ussumane alicheka, na kicheko kikageuka kilio kabla hakijaisha. Rafique alitazama karatasi bila kuiona. Alimsogezea Sumaia kalamu.

"Nimekukasirikia," alimwambia. "Nitakukasirikia na kesho. Lakini andika wewe, mimi nisikilize."

Sumaia akaandika. Kila jina alilirudia polepole ili mzee athibitishe kwamba limesikika sawasawa, na wala hakumwigiza mtu sauti. Mpaka kengele ya mchana inalia alikuwa ameandika majina thelathini na moja. Dário, ambaye alisahau kwamba anasubiriwa pengine, alihamisha sauti ile kwenye flashi tatu, moja ya shule, moja ya Rafique na moja ya mjomba, akakataa malipo na kuondoka na diski yake bila kuitumia.

Kwa Mkurugenzi, Sumaia alikwenda mwenyewe kabla hajaitwa. Dona Ermelinda alimfuata na kusema kwamba yeye naye ana sehemu yake: Karani aliposema hakuona, yeye alisikia hakuna, na mtu mzima anapaswa kujua tofauti. Mkurugenzi aliamua kwamba Sumaia asirudishwe nyumbani, ila aoshe masufuria ya bweni kwa mwezi mmoja, na amwandikie mama yake barua ya kweli yote, bila kupunguza mahali. Barua ile ilimchukua siku nne. Masufuria yalikuwa mepesi zaidi.

Jumamosi ile ya waandikishaji Ussumane aliomba Sumaia aruhusiwe kwenda nao ng'ambo ya ghuba, kwa sababu ya kiserikali kabisa: mwandiko wake ulikuwa hausomeki na mtu mwingine. Rafique alitangulia kati ya makaburi akigusa kila jiwe kama alivyofanya Bibi, na Sumaia alimfuata akisoma. Mwandikishaji aliandika. Palipokuwa na shaka walisimama, wakaisikiliza sauti, sasa imerudishwa kwenye simu ya mjomba, wakaendelea. Waliposimama mbele ya jiwe la mwisho, lililo jipya kuliko yote, Sumaia hakuwa na cha kusoma. Rafique akasema mwenyewe, "Awa."

Mwandikishaji aliuliza kama yupo asiyejulikana.

"Hayupo," Ussumane alijibu.

Watoto walipokuwa wakikusanya karatasi, mzee alimwita Sumaia kando. Sumaia alisimama mbele yake ameinamisha kichwa.

"Mwanangu, sikukatazi mzaha," alisema. "Sisi tuna watani. Siku tulipomzika mama, mtani wetu alilikalia jembe la kuchimbia kaburi, akakataa kunyanyuka mpaka tumpe jogoo. Tulicheka na machozi yanatutoka. Lakini alilikalia mbele ya macho yetu, tukamwona ni nani, na jogoo alipokuja alinyanyuka akachimba na sisi mpaka mwisho. Huo ndio mzaha. Wa kwako ulikuwa nini? Ulificha kitu cha mwenzio, ukaondoka. Na ulipoona kinatafutwa kwa machozi, ukakaa kimya. Kama ungesema juzi, ungepata aibu ya saa moja. Uliposubiri, nusura watu hawa wote wapotee mara ya pili. Ukikosa, sema mapema, kungali na cha kuokoa. Umenielewa?"

"Nimekuelewa, mjomba."

"Haya. Nenda kamsaidie Rafique. Hizo karatasi zinapeperuka."